Kiti Ulichokikalia Siku ya Zamu Yangu

Chui wangu Katele,

Nakuandikia nikiwa nimeshiba nyama ya nguruwe ya pori. Asubuhi ya leo nimemupiga mumoja, dume, mugongo wake unafika hapa kwa mukaba wangu. Mushale mumoja tu, nimekaa kimya kama jiwe pembeni ya mihogo ya muke wako. Hakupiga hata kelele. Alinipigia saluti, akalala.

Bon. Ni uongo. Najua umeshacheka, tena kile kicheko chako cha kukohoa. Nimekula bukari, ugali wetu, na visamaki vya chisense, na chisense zenyewe ni za kuomba, juu ya sababu ziwa limefungwa ili samaki wazae. Lakini nguruwe alikuwepo, hiyo ni kweli ya Mungu. Nilimuona naye akaniona. Nilikuwa miguu juu, kichwa chini, kamba ya uta imeninasa shingoni, na kiti kimejifunga na mimi ndani yake kama karatasi katikati ya kitabu. Aliniangalia muda murefu, Katele. Hata muke wangu, Mungu amupumzishe, hakuwahi kuniangalia na huruma namna ile. Kisha akarudi kula muhogo.

Kiti, lakini kile chako, njo kinanifanya niandike. Nitafika hapo. Nikupe kwanza habari za kilio chako, juu wewe ulikuwa umelala tu, hukuona kitu.

Watu walikuja wengi kuliko ulivyostahili. Walitoka Puta, walitoka Kilwa na mutumbwi wa injini, hata yule fundi wa Mwansabombwe mwenye ulimukataa kumusalimia alikuja na akala vizuri. Mimi nilifanya kazi yangu. Mutu wa ukoo wa Chui akikufa, mutani wake wa ukoo wa Mbuzi njo anachimba, Mbuzi njo anabeba, na Mbuzi njo anamutukana marehemu mpaka wenye kulia wacheke. Mimi na wewe tulitoka ngambo ya Kongo katika mutumbwi mumoja, na hata huku tulikuta mambo ni yaleyale. Basi nilianza asubuhi. Nilisema wachimbe kaburi fupi, juu Chui hulala amekunja mukia. Nilivaa kofia yako, nikatembea kama wewe, matako nyuma na tumbo mbele. Dada yako alicheka mpaka akasahau alikuwa amefika wapi katika kulia, ikabidi aanze tena mwanzo.

Kisha nikaona kiti kimewekwa nje, kando ya mulango.

Kile cha mawindo. Kile cha miguu mitatu ulichochonga na muti mwepesi ambao hukuniambia jina lake hata siku moja, mwivi wewe. Miguu yake mipana chini kama kwato, isizame katika matope ya pembeni ya maji. Kamba ya kukibeba begani. Na juu yake, wavu wa zamani uliokunjwa mara ine, na juu ya wavu, ngozi ya mbuzi. Ya mbuzi! Ngozi za nyama zote ziko, lakini wewe ulitafuta ya ukoo wangu uikalie, na kila ukikaa ulikuwa unasema, "Samahani, ba shemeji zangu," na kujipangusa suruali.

Nikachukua musumeno wa wale waliokuwa wanatengeneza sanduku lako. Nikasema mbele ya watu wote, "Huyu Chui amekalia mababu zangu miaka yote. Leo akakae upande upande, aanguke mbele ya mababu zake!" Nikakata muguu mumoja, kipande cha urefu wa kidole gumba. Watu walianguka chini kwa kucheka. Muke wako Mama Chanda alicheka pia, nilimuona, mukono juu ya kinywa. Na unajua desturi. Kitu kikishaharibiwa namna ile kwenye kilio, kinakuwa cha marehemu. Wakakiweka juu ya kaburi lako, upande wa kichwa, pamoja na sahani yako yenye kutobolewa na kikombe chako cha bati.

Siku tatu zikapita. Mama Chanda akaniletea munkoyo kwa kopo. Akakaa. Akaangalia chini. Akasema, "Bamulamu, shemeji yangu, kile kiti nilikuwa nimekitoa nje kwa ajili yako. Nilikuwa nangoja watu waondoke, nikupatie."

Katele, nilikunywa ile munkoyo yote na sikusikia utamu wake.

Tangu siku ile sielewi mambo. Nakuambia kama yanavyokuja, usinitafutie mupangilio. Wewe mwenyewe hukuwa nao.

Nguruwe wameingia shambani. Ulipokuwa hai walikuwa wanapita mbali, sijui walikuwa wanaogopa mushale wako au harufu yako. Sasa wanakuja alfajiri, mbele ya jua kutoka vizuri, wanatoka kwenye matete upande wa ziwa, mumoja mukubwa na wengine nyuma yake. Wanachimba muhogo, wanauma hapa, wanaacha, wanaenda kuuma pale, kama watoto wa tajiri. Nusu ya shamba imeisha. Mama Chanda amezunguka na sufuria akipiga kelele, wakamuzoea. Juzi amesema, na hakuwa na hasira, hiyo njo iliniogopesha, "Mihogo ikiisha, mi nitaenda kwa kaka yangu Puta. Hapa nitakula nini? Nyasi?"

Na mimi nilikuahidi. Unakumbuka? Ulikuwa umelala kwenye mukeka, ukanishika kidole kimoja tu, kile kidogo, kama mutoto. Ukasema, "Chola, uangalie shamba." Nikakujibu, "Nitaliangalia, litaniangalia." Nilitaka ucheke. Ulifunga macho. Sijui kama ulisikia ile sehemu ya ahadi ama ulisikia tu muchezo.

Akienda Puta, nyumba yako itabaki na popo. Na mimi nitakula na nani? Nitamutania nani? Kwa hiyo nilitoa uta wangu juu ya dari, nikapaka kamba nta, nikanoa mishale. Macho bado yako. Mikono bado iko. Kinachokataa ni nyonga ya kushoto, ile niliyovunja siku nilipoanguka kutoka juu ya kanisa, nikipigilia bati na kuangalia wanakwaya wa kike. Kuchuchumaa siwezi tena. Nikikaa chini kabisa, magoti yanafika masikioni na ncha ya chini ya uta inagonga udongo. Nikisimama, nguruwe ananiona kabla sijawaza kuvuta. Lazima kukaa, na kukaa vizuri. Nilikuwa sijui kwamba ni kazi kubwa namna hii. Ulikuwa unakaa tu, zamu yangu nami nilikuwa nakaa, nikafikiri kukaa ni kukaa.

Nilianza na bidon, lile dumu la manjano la mafuta ya kupikia. Nilisema, ni nyepesi, inabebeka, haizami. Lakini bidon tupu ina sauti, Katele. Nikihama kidogo tu, inajibu "bum," na ndege wote wa matete wanaruka. Nikaijaza muchanga ikanyamaza, lakini sasa nani ataibeba? Nikaiacha shambani. Mama Chanda anaisugulia nguo.

Nikaazima kiti cha plastiki kule Kashikishi, kwa yule mama wa baa. Miguu yake ine ikazama mumoja mumoja katika matope, polepole, kila muguu na saa yake. Nilikuwa naangalia mashariki nilipoanza, na mwisho nilikuwa naangalia juu. Tena plastiki ile inalia kama panya kila ukivuta pumzi.

Kisha nikapata gunia nikalijaza nyavu zilizochakaa. Raha! Ni laini, halina sauti, nililala usingizi wa haki. Niliamka na nyayo za nguruwe mbele yangu, karibu kabisa, hapa na pale, kama walikuwa wanajadiliana kuhusu mimi.

Ndipo nikamuona yule mufanyabiashara wa Kongo mwenye kuvuka kutoka Kilwa na bidhaa. Alikuwa na kiti cha kukunja, cha kitambaa cha kijani, kina mikono, kina hata tundu la kuwekea kikombe. Akaniambia, "Papa, hiki ni kiti cha mabosi. Bazungu banakalia hiki banaua hata tembo." Nikakilipia na jogoo na mukeka mupya. Nyumbani nilikaa ndani yake, nikajisikia kama chifu. Majirani walikuja kunisalimia, wengine mara mbili.

Lakini alfajiri, shambani, nguruwe akatoka, nikavuta uta, kiwiko kikagonga mukono wa kiti. Nikasogea mbele, kitambaa kikanirudisha nyuma, juu ule mufuko unameza matako kama chura anavyomeza nzi. Nikavuta hivyo hivyo, nimelala nusu, ncha ya chini ya uta ikaingia kwenye lile tundu la kikombe. Mengine nimekwisha kukuambia pale juu.

Nililala pale chini nikakumbuka maneno yako. Ulikuwa unaniambia kila siku, "Chola, nguruwe hatasikia pumzi yako. Atasikia matako yako yanavyohangaika." Nilifikiri ni matusi ya Chui kwa Mbuzi. Kumbe ilikuwa masomo. Miaka yote ile ulikuwa unanifundisha nami nilikuwa natafuta tu jibu la kukutukana.

Sasa usikilize hii, juu hapa njo kichwa changu kinazunguka.

Wiki iliyopita nilikuja kwako kaburini kupalilia. Majani yalikuwa yamefika hapa kwa magoti. Nililima upande wa miguu, nikalima upande wa kichwa, nyonga ikaanza kupiga kelele. Hapakuwa na kisiki, hapakuwa na jiwe. Kulikuwa na kiti chako, kilema, kimeinama kushoto, ngozi ya mbuzi imekauka kwa mvua na jua. Nikasema, "Katele, unisamehe, ni dakika moja." Nikakaa.

Nyonga ikanyamaza.

Sikuamini. Nikangoja irudi. Haikurudi. Muguu niliokata uko upande wa kushoto, na ule ufupi wa kidole gumba unafanya paja langu la kushoto literemuke kidogo, kidogo tu, na mufupa unapumua. Nikaweka miguu sawa chini. Magoti yako chini ya kiuno. Nikavuta uta wa hewa, mara tatu, mara ine: kiwiko hakigongi kitu, goti haliko njiani, mugongo umenyooka wenyewe. Nikageuza kifua kushoto, kuume, kiti hakikusema neno. Jua lilitoka pale kwenye mihogo likafika juu ya kichwa changu na mimi nimekaa. Wanawake wawili walipita na maji, wakaniona nimekaa juu ya kaburi navuta uta ambao haupo. Walibadilisha njia.

Nilikikata mimi ili wewe uanguke, na mimi njo kimenifaa. Nieleze hiyo.

Na iko jambo lingine, ambalo nilikuwa nimelisahau mpaka nilipokuwa nimekaa pale. Siku ya kilio sikuchagua mahali pa kukata. Palikuwa na alama. Mustari mweusi, kama wa makaa, umezunguka ule muguu mumoja. Miguu miwili ile mingine haikuwa na kitu. Niliufuata tu, juu mutu muvivu akiona mustari anakata. Nani aliuchora, Katele? Ni wewe? Ulikuwa umeona navyochechemea, ukapima na jicho lako la fundi, ukasema nitamukatia huyu mujinga kidole kimoja apumuzike, kisha nguvu zikakuisha? Ama ulikuwa mustari tu wa kufungia kamba? Ama ni uchafu wa moto wa jikoni? Nilirudi kuangalia. Alama yenyewe iliisha pale musumeno ulipopita. Nilimuuliza Mama Chanda kama ulisema kitu. Akasema, "Yule? Yule alikuwa anaongea na miti kuliko na mi."

Najua utasema, upime, uchonge kingine. Nilipima! Nilichukua utete, nikakata urefu wa kila muguu, nikaenda na vipande vitatu mpaka Mwansabombwe kwa yule fundi wako usiyemupenda. Amechonga. Ukiviweka viti viwili karibu, utasema ni mapacha. Nimekaa juu ya kile kipya, nyonga ikalia kama siku zote. Nimekikunjia wavu juu, nimekiwekea ngozi, hata ngozi ya mbuzi, nikijikalia mwenyewe kama mupumbavu. Nyonga inalia. Sasa ni nini? Ni muti ule usio na jina? Ni matako yako yaliyokitengeneza ndani, kidogo kidogo, miaka yote? Ama nyonga yangu imezeeka ikawa na akili zake? Sijui. Mimi niliyekuwa najua kila kitu, uulize mutu yeyote hapa Nchelenge, sijui.

Lakini kile kiti ni chako, kiko juu yako, na mutu hachukui kitu juu ya kaburi. Akichukua, watamuita mulozi, na watakuwa na haki. Siku ya kilio ningeweza kunyakua nyumba nzima, hakuna mwenye angesema neno, ilikuwa ruhusa yangu. Ruhusa ile iliisha pale udongo uliposhindiliwa, na mimi mwenyewe njo niliushindilia.

Nilienda kwa Mama Chanda. Nilimuomba yeye akitoe. Alikuwa anapepeta unga, hakuacha kupepeta. "Mi siko mwenye kiti, bamulamu. Mwenyewe ni ule anakalia. Umuulize." Nikamuambia, nitamuulizaje mutu aliyekufa? Akasema, "Uandike. Si ulisoma mpaka darasa la ine? Kila siku unatuambia ulisoma mpaka la ine."

Njo nimeandika. Hii ni karatasi ya tatu, mukono unauma, na lile darasa la ine lenyewe, nikuambie wewe peke yako, sikulimaliza.

Mistari ya mihogo imebaki sita. Jana ilikuwa nane.

Kuna kitu kimoja sijamuambia Mama Chanda. Ile siku yetu ya mwisho ya mawindo. Tulikuwa na kiti kimoja na zamu mbili: leo unakaa, kesho nakaa, mwenye hakukaa anachuchumaa nyuma ya kichuguu na kunyamaza. Siku ile ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimeshakilaza chini, nimekipangusa. Ukasema, "Chola, uniachie leo. Miguu haina kitu ndani. Kesho utakaa siku nzima." Nikakuita mwivi. Nikakuita Chui bila meno. Nikachuchumaa na hasira, nyonga inaniua, nikakuangalia mugongo.

Nguruwe akatoka, yuleyule mukubwa, akasimama mbele yako, karibu kiasi ungemutemea mate. Na wewe hukuvuta. Uta ulikuwa juu ya mapaja yako. Ulikuwa unamuangalia tu, umekaa vizuri, mabega chini, kama mutu aliye mulangoni kwake jioni. Akala, akamaliza, akaenda. Nilikutukana njia yote mpaka nyumbani. Hukujibu hata moja, na mimi nikafikiri nimekushinda.

Kesho yake hukuamka kwenda. Wala kesho ya pili. Hukutoka tena na kile kiti.

Sasa nitafanya hivi. Barua hii nitaiweka chini ya kiti, juu yake nitaweka jiwe, upepo wa ziwa usiipeleke kwa mutu mwingine. Nitakupa siku mbili za kusoma, juu najua unavyosoma. Siku ya tatu nitakuja mapema, na Mama Chanda nyuma yangu awe shahidi, watu wasiseme Mbuzi anaiba. Ukikataa, unioneshe. Ukivunje, ukiangushe, utume nyoka akae juu yake, wewe mwenyewe utajua, uchawi sikufundishi. Nikikikuta kimekaa kama nilivyokiacha, nitajua jibu.

Ahadi yangu ni hii, na mara hii usifunge macho katikati. Yule nguruwe akianguka, ama akihama shamba kwa woga, siku hiyohiyo nitakirudisha na mabega yangu mwenyewe, nitakisimamisha upande wa kichwa chako, kimeinama kushoto kama kilivyo. Nitakipaka mafuta. Ngozi nitabadilisha. Nitatafuta ya mbuzi, nzuri, laini, na sitasema kitu. Na Mama Chanda hataenda Puta.

Ulale vizuri, Chui wangu. Majani nitaendelea kuyapalilia. Matusi pia yako mengi, nakuwekea.

Ulisema kesho. Ile kesho bado nakudai, mutani wangu. Siombi kiti, kiti ni chako. Unipe tu zamu yangu.

Ni mimi Mbuzi wako,
Chola